Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia Fupi ya Mjimwema

Jina Mjimwema halikupewa mahali pamoja tu katika Tanzania. Lipo Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, lipo Songea, na huko Nyanda za Juu Kusini lipo mara mbili ndani ya mkoa mmoja. Mji wa Njombe una kata yake ya Mjimwema, na mji wa Makambako, ulio umbali wa kilomita 60 hivi kwa barabara, nao una yake. Nchi hiyo ni ya Wabena, watu wenye lugha yao na maamkizi yao, lakini mitaa ya miji yao wameiita kwa Kiswahili, lugha iliyowafikia kutoka pwani.

Wapenzi wa lugha na walitazame jina hili kwa makini. Kiswahili kimelipa neno mji maana mbili zinazokaribiana: mji ni makazi ya watu wengi, na mji pia ni nyumba ya mtoto ndani ya tumbo la mamake. Nao wema haulingani na uzuri. Uzuri huonekana kwa macho, na hata mpita njia aweza kuushuhudia akiwa dirishani mwa basi. Wema hujulikana kwa kuishi nao. Mji mzuri, basi, hupimwa na mgeni. Mji mwema hupimwa na yule aliyezaliwa humo, na kipimo chake cha kwanza ni kama mji huo wampa riziki au wamtuma akaitafute kwa watu.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya uchumi wa Njombe na Makambako kwa kipimo hicho. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hupendwa sana katika hotuba za kuwakaribisha wawekezaji, na aghalabu msisitizo huangukia nusu yake ya kwanza. Historia ya Ubena yaonesha kwamba nusu ya pili haiji yenyewe. Wageni wamekuja wengi kwa zaidi ya karne moja, na mwenyeji amepona pale tu alipokuwa na sauti katika masharti ya ugeni.

Mgeni wa kwanza hakufika Ubena, alifika Pangani. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ya bahari ikaiua mingi, na miche 62 tu ndiyo iliyosalia ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba ya Tanga, Muheza, Korogwe na Morogoro, na Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge kupita wote duniani, hata mwaka 1964 mavuno yakapindukia tani 200,000. Mkonge hauchagui sana udongo wala hautaki mvua nyingi. Unachokihitaji ni mikono: ya kukata majani yenye miiba, kuyafunga matita, kuyabeba hadi penye reli ndogo ya shamba, na kesho kuanza tena. Wenyeji wa mwambao, waliokuwa na minazi yao, makonde yao na bahari yao, hawakuona sababu ya kuiuza mikono kwa ujira ule. Mikono ikatafutwa mbali.

Chombo cha kuitafutia kilikuwa kodi. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3, na Waingereza walipoirithi nchi wakaiendeleza kwa sheria yao ya mwaka 1922 ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Kodi ilitakiwa kwa fedha. Aliyekuwa na kahawa au pamba aliuza mazao yake akalipa. Njombe haikuwa na zao la biashara lililotiliwa maanani na serikali, wala njia ya kulifikishia soko, kwa hivyo mwanamume wa Kibena alibakiwa na kitu kimoja cha kuuza, nacho ni mwili wake. Watawala waliigawa nchi katika fikra zao kama mtu agawavyo shamba: Uchaga na Uhaya zilitoa kahawa, Usukuma ulitoa pamba, na Njombe, pamoja na Songea, zilitoa watu.

Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Njombe, ameiita historia ya watu hawa kuwa ni historia ya walioachwa nje, akaeleza jinsi walivyoifanya familia kuwa kimbilio lao mbele ya dola. Neno hilo lafaa kuzingatiwa. Aliyesahauliwa huachwa nje bila ya kukusudiwa. Njombe iliachwa nje ya masoko huku ikikumbukwa kila msimu wa kuandikisha vibarua. Lau ingalikuwa na zao lake la kuilipia kodi, mashamba ya Tanga yangalikosa wakataji. Umaskini wa nyanda za juu ulikuwa mtaji wa pwani.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda idara yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mawakala wake walizunguka mikoani, na malori yakawachukua vijana ambao baba zao walikuwa wakiifuata njia hiyo hiyo kwa miguu. Shambani mtu alipewa kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, na ujira haukukamilika mpaka kipande kijae. Walioletwa kwa mkataba waliitwa manamba, neno lililotokana na namba, kwani mtu alijulikana kwa tarakimu yake kabla ya jina lake. Neno hilo limeingia katika Kiswahili chetu na limebaki humo. Wasemaji wengi hulitumia leo bila ya kukumbuka kuwa ni kaburi la majina ya watu. Huko nyuma, mashamba ya mahindi na ulezi yalibaki mikononi mwa wanawake, na watoto wakakua wakimjua baba kwa barua na kwa nguo alizorudi nazo.

Mgeni wa pili alipanda mlima mwenyewe. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya malighafi na fedha za kigeni, iliunda mwaka 1948 shirika la maendeleo ya makoloni, na mwaka uliofuata shirika hilo likaanzisha Njombe kampuni ya miwati. Gome la mti huo hutoa dawa ya kulainishia ngozi za viatu na mikoba. Maelfu ya ekari yakapandwa miwati, kiwanda kikajengwa, na kwa mara ya kwanza kijana wa Njombe aliweza kupata mshahara wa kila mwezi na jioni akalala kwao. Faida hiyo si ya kubezwa. Lakini ardhi ilitoka kwa wenyeji, bei ilipangwa Ulaya, na kazi za juu zilikuwa za wageni.

Pamoja na hayo, miti hiyo iliacha somo. Katika baridi ya Njombe mti hukua vizuri, na kaya nyingi zimejipandia miwati, misindano na mikaratusi katika vishamba vyao, wakauza kuni, mkaa, nguzo na mbao. Kampuni yenyewe ilibadilika na nyakati, ikaingia katika mbao na chai, na mwaka 1995 ikaanza kuzalisha umeme kwa kuni za mashamba yake. Hata hivyo, katika hesabu ya wema wa mji, vile vishamba vidogo vya kaya vina uzito wao, maana mwenye mti wake huamua mwenyewe siku ya kuukata.

Mgeni wa tatu alikuwa reli. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilibaki na shaba yake bila ya njia salama ya kuifikisha baharini. Mkataba wa Tanzania, Zambia na China ulitiwa saini Beijing mwaka 1967, kazi ikaanza mwaka 1970, na Julai 1976 reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ikakabidhiwa kwa nchi zake mbili. Kipande kigumu kupita vyote kilikuwa cha kutoka Mlimba hadi Makambako, pale reli inapoyaacha mabonde ya Kilombero na kuupanda ukingo wa nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja. Makambako ndipo treni ilipotua pumzi.

Hapo reli ilikutana na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, na katika miaka ya 1980 ikaongezeka barabara ya lami ya kwenda Njombe na Songea. Makambako ikawa njia panda. Hakuna mfalme aliyeijenga wala mchoro uliotangulia watu wake. Biashara ndiyo iliyoujenga mji, na mbele ya wafanyabiashara hao walikuwamo Wakinga kutoka milima ya Makete, watu ambao sifa yao ya kuhimili biashara imefika mpaka Kariakoo. Walianza na duka la kijiji, wakanunua gari, wakajenga nyumba ya wageni, wakafungua ghala la mahindi. Wanapotajwa wawekezaji wa Makambako, haki ni kuanza na hawa, ambao hawakupewa msamaha wa kodi wala hawakukatiwa utepe.

Lakini njia panda haichagui kinachopita. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012 ulionesha kuwa asilimia 14.8 ya watu wazima wa Njombe waliishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote wa nchi, na utafiti wa mwaka 2022 na 2023 ukakuta bado ni asilimia 12.7. Sababu zake ni nyingi, na miongoni mwao zimetajwa safari za malori na ule mwenendo wa zamani wa wanaume kwenda mbali kutafuta kazi. Hesabu ya maendeleo isiyoyaandika mayatima upande wa pili wa daftari ni hesabu pungufu.

Ama kuhusu sera, funzo kubwa la Njombe limo katika gunia la mahindi. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mwalimu Nyerere iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, ikagharimia usafiri, na ikapunguza bei ya mbolea. Mkulima wa Njombe, aliye mamia ya kilomita kutoka Dar es Salaam, akalipwa sawa na aliye karibu. Iringa, ambayo Njombe ilikuwa wilaya yake, pamoja na Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikawa ghala la taifa. Kisha likaja wimbi la soko huria. Bei moja iliondoshwa katika miaka ya 1980, na ruzuku ya mbolea ikamalizwa katikati ya miaka ya 1990. Udongo ulikuwa ule ule, mvua ile ile na jembe lile lile, lakini faida ya kulima mahindi mbali na soko ikayeyuka. Ruzuku ilirudi kwa vocha mwaka 2008, ikapungua tena, ikarudi kwa sura nyingine mwaka 2022. Hivyo mkulima alijifunza kwamba mvua nyingine hunyesha kutoka Dodoma, na kwamba hiyo yaweza kudaiwa.

Kudai kwenyewe kulihitaji mahali pa kudaia. Kwa miaka mingi Njombe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Mwaka 2012 ikawa mkoa, wakati ambapo Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini, alikuwa Spika wa Bunge, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho nchini. Sensa ya mwaka huo ilihesabu katika mkoa mpya watu 702,097: wanaume 329,359 na wanawake 372,738. Tofauti hiyo ya watu 43,000 na zaidi yamkumbusha msomaji malori ya SILABU, ingawa mkonge ulikwisha zamani kuwa mfalme. Vijana walikuwa bado wakiondoka. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 889,946.

Wakati huo huo mialiko ilikuwa ikiandikwa kwa herufi kubwa. Mwaka 2010 ulitangazwa mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, wa kuziunganisha serikali, kampuni kubwa na wakulima wadogo. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mkataba wa dola bilioni 3 wa kuchimba makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, katika wilaya ya Ludewa. Miaka zaidi ya 10 ilipita bila ya chuma kuyeyushwa, na vijana waliosubiri ajira za mgodi wakawa watu wa makamo wakisubiri.

Ukitaka kuona mahali ambapo mwenyeji amejipatia nafuu kwa sauti yake, tazama gunia la mbatata, au viazi mviringo kama waitavyo wenyewe. Kwa miaka mingi wanunuzi waliwalazimisha wakulima kufungasha lumbesa: gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha juu yake hushonewa kilemba kinachobeba ndoo nyingine za viazi, na bei ikabaki ya gunia moja. Sheria ya Vipimo ilikuwapo, na kanuni zikaweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia, lakini sheria isiyo na mizani ni kama shairi lisilo na vina: huandikwa, haliimbiki. Wakulima na vikundi vyao walilalamika mikutanoni, wabunge wakalipeleka Bungeni, na operesheni za kuyakamata magunia yenye vilemba zikafanyika mara kwa mara. Lumbesa haijafa. Ila siku hizi haivai kilemba chake bila ya kuangalia nyuma.

Vivyo hivyo ushuru wa mazao. Halmashauri zilikuwa zikitoza hadi asilimia 5 ya thamani ya mazao, na gari moja liliweza kusimamishwa vizuizi kadhaa kabla ya kufika sokoni. Malalamiko ya wakulima na wafanyabiashara ya miaka mingi yalizaa matunda mwaka 2017, ushuru uliposhushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaachiwa upite bila ya kutozwa. Hakuna jiwe la msingi lililowekwa kwa ajili ya tarakimu hizo, lakini zimeingia katika mfuko wa mkulima.

Leo mgeni mpya ana ngozi ya kijani. Parachichi, ambalo sisi wa visiwani twaliita pea, limekuwa dhahabu ya Njombe, na Novemba 2022 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kulifungulia soko la huko. Ni zao jema kwa mkulima mdogo, kwani miti michache iliyotunzwa vizuri yaweza kusomesha mtoto. Ni zao linalovutia pia wenye fedha wa mijini, kama walivyovutiwa kabla yake na misindano; nao hununua ardhi ya vijijini kwa bei ambayo mwenye shida huiona kubwa leo na ndogo baada ya mwaka. Hapa ndipo historia inapotukodolea macho. Babu aliondoka Njombe akawa manamba Tanga kwa sababu hakuwa na zao. Mjukuu aweza kuwa manamba Njombe, katika shamba lililokuwa la babu, kwa sababu zao limekuja na yeye ameuza ardhi.

Sisi wa visiwani hatuna haki ya kuitazama habari hii kama mtu atazamaye jahazi la wengine. Mbatata za urojo wetu nyingi zatoka bara, na nyanda hizo ni miongoni mwa zinakotoka. Zaidi ya hayo, tangu Zanzibar ilipotunga sheria yake ya kulinda uwekezaji mwaka 1986, nasi tumekuwa tukisema mgeni njoo, na fukwe zetu zimejaa mahoteli. Swali la Mjimwema ndilo swali la Nungwi na Paje: kijana aliyezaliwa hapo ana nini mkononi zaidi ya ujira wa siku?

Mwaka 2025 Tanzania, Zambia na kampuni ya Kichina zilikubaliana kuifufua TAZARA kwa mkataba wa dola bilioni 1.4. Huenda, basi, filimbi ya treni ikasikika tena Makambako mara nyingi kama zamani. Mgeni huyo na akaribishwe, kwani reli iliyolala haimpi mtu chakula. Lakini historia ya nchi hii yawafunza wenyeji waulize mapema yale ambayo babu zao hawakupewa nafasi ya kuyauliza: ardhi ni ya nani, mizani iko kwa nani, bei inapangwa wapi, na nani atafundishwa kazi ya juu. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua kama jina Mjimwema litabaki kuwa dua, au litakuwa sifa.